Kwa nini Waaborijini wa vijiji vya mbali hurukwa katika sensa ya Australia

MWEZI Oktoba mwaka 1984, familia ya watu tisa ilitoka jangwani na kuungana na ndugu zake katika kijiji cha Kiwirrkurra, mashariki mwa jimbo la Western Australia. Walikuwa wanawake wawili na watoto saba, baadhi yao vijana wakubwa, wa jamii ya Wapintupi. Maisha yao yote walikuwa wameishi kwa kuwinda na kuchuma vyakula vya porini kuzunguka ziwa la chumvi la Mackay, bila kuwa na uhusiano wowote na serikali wala na Wazungu.

Wakati huo Australia ilikuwa imekwisha kufanya sensa tatu ambazo, kwa mujibu wa sheria, zilipaswa kumhesabu kila mkazi bila kujali asili yake: mwaka 1971, mwaka 1976 na mwaka 1981. Watu hao tisa hawakuwamo katika hata moja.

Magazeti ya dunia yaliipokea habari hiyo kama ajabu. Kwa wataalamu wa takwimu, hata hivyo, watu tisa si ajabu kubwa. Tatizo la sensa ya Australia halijawahi kuwa watu waliojificha jangwani, bali maelfu ya watu wanaoishi katika vijiji vilivyomo kwenye ramani, vyenye shule, zahanati na duka, ambao kila baada ya miaka mitano hesabu huwapita.

Sensa ya Agosti 10, 2021 iliandikisha Waaborijini na wenyeji wa visiwa vya Mlango wa Torres 812,728. Ofisi ya Takwimu ya Australia ilipofanya uchunguzi wake wa baada ya sensa, ilikadiria kuwa idadi halisi ilikuwa 983,709. Tofauti hiyo ni asilimia 17.4. Kwa wakazi wote wa nchi kwa jumla, upungufu ulikuwa asilimia 0.7 tu.

Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na watu waliojaza dodoso lakini wakaliacha wazi swali la asili. Wengine hawakufikiwa kabisa, au karani alifika nyumbani kwao na majina yao hayakutajwa.

Ili kuelewa jambo hilo, ni lazima kurudi mwaka 1901, makoloni sita ya Uingereza yalipoungana kuwa taifa moja. Katiba ya shirikisho jipya ilikuwa na kifungu kifupi, cha 127, kilichoagiza kwamba katika kuhesabu watu wa nchi, wenyeji wa asili wasihesabiwe. Idadi ya watu ndiyo iliyokuwa ikiamua viti vya bunge na mgawanyo wa baadhi ya fedha kati ya majimbo, na majimbo yenye Waaborijini wachache hayakutaka Queensland na Western Australia zinufaike kwa wingi wa watu ambao zenyewe hazikuwapa haki.

Kifungu hicho kilizua swali la nani hasa ni mwenyeji wa asili. Mwaka huo huo wa 1901 Mwanasheria Mkuu, Alfred Deakin, alitoa maoni kwamba machotara hawakuwa miongoni mwa waliokatazwa. Kuanzia hapo makarani wa serikali walilazimika kupima watu kwa sehemu za damu, nusu, robo na kadhalika, ili wajue nani aingizwe katika jumla ya taifa na nani aachwe nje. Sensa ya kwanza ya shirikisho, iliyofanyika Aprili 3, 1911, iliwaandikisha Waaborijini walioajiriwa na Wazungu au kuishi karibu na makazi yao tu, tena kwa orodha ya pembeni. Hadi leo mfululizo rasmi wa takwimu za idadi ya watu wa Australia una ufa katika mwaka 1961. Takwimu za kabla ya mwaka huo haziwahusishi Waaborijini wasio machotara.

Haina maana kwamba serikali haikuwa na majina yao. Mwaka 1957 utawala wa Northern Territory, eneo kubwa la kaskazini lisilo na hadhi kamili ya jimbo, ulichapisha katika gazeti la serikali orodha ya Waaborijini zaidi ya 15,000. Kwa sheria ya wakati huo, mtu aliyetajwa katika orodha hiyo alikuwa chini ya ulinzi wa serikali kama mtoto mdogo: alihitaji kibali katika mambo kama kuoa, kuhama na kusimamia mali yake. Wakosoaji waliifananisha orodha hiyo na daftari la mifugo. Ndivyo ilivyokuwa kwamba watu wale wale ambao katiba ilikataza kuwahesabu kama raia walikuwa wameorodheshwa, jina kwa jina, kwa ajili ya kutawaliwa. Mzee wa Kiaborijini aliyekuwa kijana mwaka 1957 ana sababu yake ya kumtazama kwa shaka mgeni mwenye kalamu na karatasi.

Kifungu cha 127 kilifutwa kwa kura ya maoni ya Mei 27, 1967, ambapo asilimia 90.77 ya wapiga kura waliafiki. Mara nyingi huandikwa kwamba kura hiyo ndiyo iliyowapa Waaborijini haki ya kupiga kura. Si kweli. Haki hiyo katika uchaguzi wa shirikisho ilitolewa kwa wote mwaka 1962. Kilichobadilika mwaka 1967 ni kwamba bunge la shirikisho lilipata mamlaka ya kuwatungia sheria, na kwamba wakaanza kuhesabiwa katika idadi ya watu wa taifa lao.

Sensa ya kwanza baada ya hapo, ya mwaka 1971, ilipata watu 115,953. Ya mwaka 1976 ilipata 160,915, na ya mwaka 1981 ikashuka hadi 159,897. Hakuna njaa wala maradhi yaliyotokea kati ya miaka hiyo miwili yanayoweza kueleza kushuka huko wakati watoto wakizaliwa kwa wingi. Kilichokuwa kikiyumba ni hesabu yenyewe.

Tangu miaka ya 1970 Ofisi ya Takwimu imekuwa na utaratibu maalumu kwa vijiji vya mbali. Kwingineko nchini, dodoso huachwa nyumbani au hujazwa kwa intaneti, na kila kaya hujijazia yenyewe. Katika vijiji hivyo huajiriwa wenyeji wa kijiji wanaojua lugha, hupewa mafunzo mafupi, kisha hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali ana kwa ana. Kazi haifanyiki usiku mmoja bali huchukua wiki kadhaa, kwa sababu umbali ni mkubwa na maofisa wa kuisimamia ni wachache.

Mwaka 2001 na mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, miongoni mwao Frances Morphy na Will Sanders, waliruhusiwa kuandamana na makarani na kuangalia kazi inavyofanyika, Morphy katika makazi madogo ya Wayolngu huko Arnhem Land na Sanders katika kambi za Waaborijini zilizomo mjini Alice Springs. Taarifa zao zinasomeka vizuri kuliko ripoti nyingi za takwimu, kwa sababu zinaeleza nini hasa hutokea mlangoni pa nyumba.

Kwanza kuna suala la kaya. Dodoso linachukulia kwamba nyumba moja ni kaya moja, yaani watu wanaoishi chini ya paa moja na kula chungu kimoja. Katika kijiji cha Wayolngu, mtoto anaweza kulala kwa bibi yake leo na kesho kwa dada wa mama yake. Nyumba tatu au nne za ndugu huendeshwa kama kaya moja, ilhali nyumba moja iliyojaa watu huweza kuwa na vikundi viwili visivyopika pamoja. Karani anapouliza ni nani wanaoishi hapa, jibu la kweli halienei katika nafasi iliyoachwa.

Pili ni undugu. Dodoso humwandika mtu mmoja kuwa wa kwanza, kisha huuliza kila mwingine ana uhusiano gani naye. Hapa msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Kwa Wayolngu, dada wa mama ni mama na ndugu wa kiume wa baba ni baba, kama vile sisi tunavyokuwa na mama mdogo na baba mkubwa, na watoto wa hao ni kaka na dada. Dodoso lililotungwa kwa desturi ya Kizungu halina mahali pa mama wa pili. Karani hulazimika kuchagua: ama aandike jibu aliloambiwa, na kompyuta ya Canberra imwone mtoto huyo kuwa na mama wawili, ama aanze kumhoji mzee wa watu ni nani hasa aliyemzaa nani. Swali la namna hiyo, likiulizwa na kijana kwa mtu mzima, ni utovu wa adabu. Aidha, zipo jamaa ambao desturi inakataza wasisemezane kabisa, kama mama mkwe na mkwewe wa kiume, na karani aliyeajiriwa kijijini kwao naye ana wakwe.

Tatu ni majina. Katika sehemu nyingi za Australia ya Waaborijini, jina la marehemu halitamkwi kwa muda mrefu baada ya msiba. Aliye hai mwenye jina kama hilo naye huacha kuitwa hivyo. Katika jangwa la kati huitwa Kumanjayi, neno linaloshika nafasi ya jina lililofungiwa. Kijiji kimoja huweza kuwa na akina Kumanjayi kadhaa kwa wakati mmoja. Tarehe za kuzaliwa nazo hazisaidii sana kuwatofautisha, kwani wazee wengi waliandikishwa na maofisa wa ustawi kwa tarehe ya kukadiria, mara nyingi Julai 1.

Lakini linaloangusha hesabu kuliko yote ni safari. Sensa ya Australia hufanyika Agosti, ambao kaskazini ni msimu wa kiangazi. Barabara zilizofungwa na mafuriko huwa zimefunguka, na ndio wakati wa ngoma za jando, mashindano ya mpira na kutembeleana. Tamasha la Garma, linalowakusanya Wayolngu na wageni wao huko Gulkula, huangukia siku hizo hizo. Msiba nao hauna msimu. Mazishi ya mtu mmoja huweza kuhamisha watu wa vijiji vitano na kuwaweka mahali pamoja kwa wiki nyingi.

Sasa mtu aliyesafiri hivyo huhesabiwa wapi? Karani akifika kijijini kwake, ndugu husema huyo yuko msibani, watamwandika huko huko. Karani wa huko msibani akifika, wenyeji husema huyo ni mgeni, wa kwao watamwandika. Kila upande umesema kweli. Mtu anaweza pia kuandikwa mara mbili, na dodoso lina maswali ya kuwanasa watu wa namna hiyo, lakini watafiti waliona kwamba kurukwa ni kwingi zaidi. Waliorukwa kwa urahisi ni vijana wa kiume, wasiokuwa na nyumba yao wenyewe na ambao hakuna anayewaona kuwa wa kaya yake hasa.

Watafiti hao waliwaonea huruma makarani, na si vigumu kujua kwa nini. Mtu aliyefundishwa kwa siku chache hupewa maswali kadhaa kwa kila mkazi wa nyumba yenye watu kumi na tano, kwa Kiingereza cha ofisini anachopaswa kukitafsiri papo hapo. Wengi waliacha kazi katikati.

Wapo Waaborijini waliochoka kuisubiri ofisi. Katikati ya miaka ya 2000, Baraza la Tangentyere, linalohudumia kambi za Alice Springs, liliwatumia wakazi wenyewe kufanya hesabu yao. Walipita zaidi ya mara moja, wakaandika wakazi na wageni mbalimbali. Idadi waliyoipata ilikuwa kubwa kuliko ya sensa, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuchimba choo au kutandaza bomba la maji katika kambi hizo angeweza kulitabiri.

Ofisi ya Takwimu haidai kuwa haijui upungufu wake. Baada ya kila sensa huchukua sampuli ya kaya, huuliza upya nani alikuwa wapi, kisha hulinganisha majina na yale yaliyoandikwa. Kwa miaka mingi, hata hivyo, uchunguzi huo wenyewe haukufika katika vijiji vya mbali vya Waaborijini. Ulifika kwa mara ya kwanza mwaka 2006, na matokeo yake yaliwashtua wengi. Northern Territory kwa jumla ilikuwa imerukwa kwa asilimia 7.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 2.7. Miongoni mwa Waaborijini wa eneo hilo upungufu ulikaribia asilimia 19, na wa Western Australia ulifikia asilimia 24. Takriban mtu mmoja kati ya kila wanne!

Kwa mkazi wa jiji, tofauti hizi zinaweza kuonekana ni mambo ya wataalamu. Mwaka 2003 zilikaribia kuondoa kiti cha bunge.

Northern Territory ina viti viwili katika Baraza la Wawakilishi. Kimoja, Solomon, ni cha mji wa Darwin na kitongoji chake. Kingine, Lingiari, ni cha eneo lote lililobaki, zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, yaani kubwa kuliko Tanzania nzima. Kilipewa jina la Vincent Lingiari, kiongozi wa Wagurindji aliyeongoza mgomo wa wachunga ng'ombe wa Wave Hill mwaka 1966, na ndicho kiti ambacho sauti ya Waaborijini wa vijijini ina uzito zaidi kuliko kingine chochote nchini humo.

Februari 2003 tume ya uchaguzi ilipiga hesabu ya idadi ya watu na kutangaza kwamba eneo hilo lilistahili kiti kimoja tu. Lilikuwa limepungukiwa watu 295. Kamati ya bunge iliyolichunguza jambo hilo iliona kwamba kiasi cha makosa katika takwimu zenyewe kilikuwa kikubwa kuliko pengo lililokuwa likimnyima mtu kiti. Mwaka 2004 bunge lilipitisha sheria ya kuurudisha uwakilishi huo kabla ya uchaguzi.

Watu 295 si wengi. Ni wakazi wa kijiji kimoja cha wastani huko Arnhem Land, wakiwa wote msibani siku karani alipopita.

Suala hilo lilirudi mwaka 2020, na safari hii bunge liliamua kutosubiri sensa iwe bora. Sheria iliyopitishwa Desemba mwaka huo ilibadilisha kanuni ya kukokotoa viti vya maeneo yasiyo majimbo. Chini ya kanuni ya zamani, eneo lilihitaji kufikia kiwango kimoja na nusu cha idadi ya watu wa jimbo la uchaguzi ili lipate kiti cha pili. Chini ya kanuni mpya, kiwango kimoja na theluthi kinatosha. Viti viwili vikabaki. Hesabu ya vijijini haikuongezeka hata mtu mmoja.

Fedha ni habari nyingine. Mapato ya kodi ya bidhaa na huduma, iliyoanza Julai 2000, hukusanywa na shirikisho na kugawanywa kwa majimbo na maeneo kwa ushauri wa Tume ya Ruzuku, chombo kilichoundwa mwaka 1933. Tume huangalia idadi ya watu na gharama za kuwahudumia, na Mwaborijini wa kijiji cha mbali huhesabiwa kuwa wa gharama kubwa, kwa haki kabisa, kutokana na umbali na hali ya afya. Ndiyo maana Northern Territory hupata takriban mara tano ya mgawo wa wastani kwa kila mkazi. Ndiyo maana pia kila anayerukwa huko huliathiri eneo lake kuliko anayerukwa mjini Sydney: hupotea mtu, na hupotea gharama zake.

Takwimu husahihishwa kwa makadirio baada ya sensa, na mgawo hufuata makadirio hayo, kwa hiyo si kila aliyerukwa amepoteza shilingi yake. Lakini makadirio ni ya eneo zima. Kijiji kimoja kinapoomba nyumba au walimu, mtumishi wa wizara hufungua jedwali la sensa la kijiji hicho, na jedwali husema wako 200 hata kama shule ina madawati ya kukaa zamu.

Lipo jambo moja zaidi linalowachanganya wasomaji wa takwimu hizi. Kati ya mwaka 2016 na mwaka 2021 idadi ya waliojiandikisha kuwa Waaborijini au wenyeji wa Mlango wa Torres iliongezeka kwa asilimia 25.2, kutoka 649,171. Ofisi ya Takwimu yenyewe ilieleza kwamba vizazi na sababu nyingine za kawaida za idadi ya watu hueleza asilimia 43.5 tu ya ongezeko hilo. Sehemu kubwa iliyobaki ni watu waliobadilisha jibu lao: waliogundua bibi aliyefichwa katika ukoo, walioondokewa na woga, au walioandikwa hivyo kwa mara ya kwanza na wazazi wao. Wengi wao wako mijini na pwani ya mashariki. Tanzania haikumbani na hali hiyo, kwa kuwa sensa yake haijauliza kabila tangu mwaka 1967.

Matokeo ni kwamba hesabu ya Waaborijini inafutuka pale ambapo dodoso hujazwa kwa urahisi, na inabaki nyuma pale ambapo karani hutembea kwa gari la magurudumu manne kwa siku mbili. Mwaka 2021 wanaoishi katika maeneo ya mbali walikadiriwa kuwa takriban asilimia 15 tu ya Waaborijini wote. Mwanasiasa anayetazama hizo asilimia anaweza kuamini kwamba watu wa vijijini wanakwisha.

Sensa iliyopangwa kufuata ni ya Agosti 2026. Imewekwa tena katika kiangazi cha kaskazini, wakati barabara zikiwa wazi kwa makarani na kwa wale wanaowatafuta.